Pikipiki Ndogo ya Small Heath

Wazee wa Birmingham wakishika habari za pikipiki, chai itapoa mezani. Watakutajia Triumph Bonneville, Norton Commando, BSA Gold Star na Vincent Black Shadow kwa sauti ileile wanayoitumia wazee wa kwetu Tanga wakitaja timu ya Coastal Union ya mwaka 1988. Mwishoni mmoja wao atatoa hukumu: Mjapani ndiye aliyetuua. Wenzake wataitikia kwa vichwa, na kikao kitaishia hapo.

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma. Nilihamia mji huu nikiwa mtu mzima, na ninakaa Small Heath, si mbali na Armoury Road, mahali kilipokuwa kiwanda cha BSA. Wazee hao nawaheshimu, na kazi ya mikono yao naiheshimu zaidi, maana najua jasho la kukata chuma hadi sehemu ya elfu ya inchi. Lakini hukumu yao siikubali. Mjapani hakuvunja mlango. Aliukuta wazi, umeachwa na mabwana wenye nyumba waliokwisha kuchoka kutengeneza pikipiki ndogo.

Kijana wa leo akisikia jina Small Heath hukumbuka tamthilia ya Peaky Blinders, wale wahuni wa kofia. Kabla ya wahuni kuna bunduki. Mwaka 1861 mafundi bunduki wa Birmingham waliungana wakaanzisha kampuni, wakaiita Birmingham Small Arms, wakajenga kiwanda hapa. Nembo yao ilikuwa bunduki tatu zilizoegemezana. Tatizo la biashara ya bunduki ni kwamba amani ikija oda zinakauka, kwa hiyo mashine zikageuziwa baiskeli, na mwaka 1910 ikatoka pikipiki ya kwanza yenye nembo ya BSA. Kwa fundi hilo si jambo la kushangaza. Anayeweza kutoboa mtutu wa bunduki ukanyooka, silinda ya injini haimtishi. Royal Enfield wa Redditch, jirani zao wa kusini, walijinadi hadharani kwamba pikipiki yao imeundwa kama bunduki.

Eneo hili la katikati ya Uingereza lilikuwa karakana moja kubwa. Norton walikuwa Bracebridge Street, Aston. Ariel walikuwa Selly Oak, Velocette Hall Green, Villiers Wolverhampton, Triumph Coventry. Kabureta za Amal ziliundwa hapahapa Birmingham, na taa na magineto za Lucas vilevile, hizo taa ambazo wenye pikipiki hadi leo huzitania kwa kuzimika usiku zinapohitajika. Velocette walikuwa na pikipiki moja isiyo na makelele, jina lake LE, iliyopendwa na polisi wa doria. Inasemekana askari akiwa juu yake aliruhusiwa kumwinamia mkubwa wake kwa kichwa badala ya kuachia usukani apige saluti. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1971, lakini simulizi hiyo bado inatembea.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, BSA walirudi kwenye bunduki bila kuacha pikipiki. Pikipiki yao ya jeshi, M20, ilitengenezwa zaidi ya 126,000. Ilikuwa nzito na ya polepole, ikipitisha barua za makamanda pale simu zilipokatika. Usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 ndege za Ujerumani zilipiga kiwanda cha Small Heath. Wafanyakazi 53 walikufa, wengi wao wakiwa wamefukiwa na zege na mashine walizokuwa wakizisimamia. Siku tano kabla yake, mabomu yalikuwa yameteketeza kiwanda cha Triumph huko Coventry, nao wakajenga kipya nje ya mji, kijiji cha Meriden. Mwaka 1951 BSA waliinunua Triumph yenyewe.

Sasa nije kwenye pikipiki niliyoikusudia.

Vita vilipokwisha, washindi waligawana mali ya Mjerumani, na miongoni mwake ilikuwamo michoro ya pikipiki ndogo ya DKW, RT 125, iliyokuwa ikiundwa mji wa Zschopau. Warusi wakatengeneza yao, Harley-Davidson wa Marekani wakatengeneza yao. BSA waliichukua michoro hiyo wakaigeuza kushoto kuwa kulia, kwa sababu Mwingereza wa siku zile alizoea kubadilisha gia kwa mguu wa kulia. Mwaka 1948 ikatoka Bantam: cc 123, gia tatu, injini ya mipigo miwili inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili, nguvu ya farasi nne na nusu. Rangi yake ilikuwa kijani cha ukungu, na kwenye tenki alichorwa jogoo mdogo. Vijana wa posta wa Uingereza walipewa za rangi nyekundu za kupelekea telegramu. Wakunga, wakulima na vibarua wa viwandani waliipanda. Hadi ilipoachwa kutengenezwa mwaka 1971 zilikuwa zimetoka si chini ya 350,000.

Jirani yangu mmoja mstaafu, aliyefanya kazi Armoury Road tangu ujana wake, anayo moja kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Mimi humwita Mzee, naye ameshazoea. Mara ya kwanza kunikaribisha nilikwenda na seti yangu ya spana za milimita, akacheka. Kwenye nati ya injini nilijaribu spana namba 13, ikakataa kuingia. Namba 14 iliingia lakini ikacheza, na spana inayocheza ndiyo inayokula kona za nati. Mzee akanipa spana yake nyeusi iliyoandikwa robo inchi. Ukiipima mdomo wake ni zaidi ya nusu inchi. Huo ni utaratibu wa Joseph Whitworth, wa tangu mwaka 1841, ambao namba juu ya spana haisemi upana wa nati bali unene wa bolti inayokwenda nayo. Ile robo inchi ikakaa barabara, bila kutikisika.

Kisha akanionyesha namna ya kuiwasha. Alifungua bomba la petroli chini ya tenki. Alibonyeza kitufe kidogo cha shaba juu ya kabureta mpaka petroli ikafurika ikamlowesha kidole, akakifuta kwenye suruali. Akafunga hewa, akapiga kiki polepole mara mbili injini ikiwa imezimwa ili ivute mafuta, halafu akapiga ya tatu kwa uzito wa mwili. Ikashika. Moshi wa buluu ukajaa kibandani, na ile sauti nyembamba ikatulia taratibu jinsi alivyokuwa akiirudisha hewa kwa ncha ya kidole. Mzee ana zaidi ya miaka themanini na goti bovu, na pikipiki hiyo bado inamtii. Jaribu umri huo kupiga kiki Gold Star ya cc 500; ikirudisha teke, utalala hospitali.

Nenda sasa kwenye mikutano ya wapenzi wa pikipiki za zamani utazame Bantam imeegeshwa wapi. Iko pembeni, karibu na vyoo. Watu wamezunguka Bonneville na Commando, na kwenye minada pesa nzito zinakwenda kwa Vincent na Brough Superior. Siwalaumu, maana kuna urembo pale. Edward Turner alipotoa Triumph Speed Twin mwaka 1937, silinda mbili zilizosimama pamoja ndani ya injini nyembamba isiyozidi sana ile ya silinda moja, kila kiwanda cha Uingereza kiliiga. Ndugu wawili wa Belfast, akina McCandless, waliwaundia Norton fremu iliyokamata barabara kiasi kwamba waendeshaji waliifananisha na kulalia godoro la manyoya. Vijana wa London waliokutana kwenye mkahawa wa Ace Cafe walichukua fremu hiyo ya Norton wakaweka injini ya Triumph, wakawa wanakimbizana usiku kutafuta maili 100 kwa saa. Marlon Brando alipanda Triumph kwenye filamu, baadaye Steve McQueen. Wamarekani wakazitaka, na dola zikaja.

Dola hizo ndizo zilizowapofusha wakubwa. Pikipiki moja kubwa iliyouzwa California ilileta faida kuliko Bantam kadhaa zilizouzwa kwa vibarua wa hapa, basi nguvu zote zikaelekezwa huko. Mwaka 1958 Honda walitoa Super Cub, kipikipiki cha cc 50 ambacho muuza tambi angeweza kukiendesha kwa mkono mmoja huku mwingine umebeba sinia. Mwaka uliofuata walikuja kwenye mashindano ya Isle of Man na pikipiki za cc 125, na mwaka 1961 wakashinda daraja la 125 na la 250. Edward Turner alikwenda Japani mwaka 1960 kujionea viwanda vyao, na akarudi na ripoti ya kuonya. Lakini mwaka 1965 mwenyekiti wa BSA, Eric Turner, ambaye hakuwa ndugu yake, alieleza hadharani kwamba mafanikio ya Honda, Suzuki na Yamaha ni heri kwa Waingereza: watu wataanza na pikipiki ndogo za Kijapani, wataonja utamu, kisha wakikua watanunua kubwa za Kiingereza.

Maneno hayo yananiuma kuliko habari ya moto au mgomo wowote. Ni tajiri anayefurahia mwenzake kuwafundisha wateja wake. Alidhani Honda atabaki kwenye cc 125 milele. Mwaka 1969 ikafika Honda CB750, silinda nne, breki ya diski mbele, kitufe cha kuwashia, na chini yake hakuna tone la oili. Hilo la oili si uchawi. Kasha linalobeba krenki kwenye injini nyingi za Kiingereza lilikatwa wima, vipande viwili kushoto na kulia, na mshono wake unapita hadi chini ambako oili inakaa. Wajapani walilikata kwa mlalo, mshono ukawa juu ya kina cha oili. Wapenzi wa leo wanauza hata fulana za kuchekea uvujaji huo, wanauita tabia ya pikipiki. Mimi kama fundi nauita kosa la mchoro, na aliyelifuta sakafuni kila asubuhi hakuwa mchoraji.

Ripoti iliyoagizwa na serikali ya Uingereza kwa washauri wa Boston Consulting Group, ikatoka mwaka 1975, ilieleza jambo lenyewe kwa lugha ya mahesabu. Kila Mjapani alipoingia daraja fulani la ukubwa, Mwingereza aliona faida ya daraja hilo imepungua, akalihama, akapanda juu. Kutoka cc 125 akaenda 250, kisha 350, kisha 650, mpaka juu hapakubaki pa kupanda. Na anayeuza kidogo hanunui mashine mpya.

Miaka ya mwisho sipendi kuikalia. Kuliwekwa ofisi ya wasanifu kwenye jumba la kifahari shambani, Umberslade Hall, mbali na karakana. Michoro ya fremu mpya ilichelewa kufika Meriden, watu wakakaa bila kazi, na ilipofika ikaonekana injini haiingii mpaka vikasha vya roka juu ya silinda vifunguliwe kwanza. Mwaka 1970 BSA, baada ya kuidharau Bantam kwa miaka, walitoa kitu cha magurudumu matatu, Ariel 3, ambacho hakuna aliyekitaka. Mwaka 1971 kampuni ilipata hasara ya zaidi ya pauni milioni 8. Mwaka 1973 mabaki yakaunganishwa na Norton chini ya Dennis Poore, naye mwezi Septemba akatangaza kwamba Meriden itafungwa. Wafanyakazi wakafunga geti yeye akiwa nje. Walikilinda kiwanda hadi mwaka 1975, wakati waziri Tony Benn alipowapatia karibu pauni milioni 5 za serikali waanzishe ushirika, na humo kila mtu, fundi na mfagiaji, alilipwa pauni 50 kwa wiki. Walisukuma Bonneville mpaka mwaka 1983. Leo pale Meriden pana nyumba za kuishi, na barabara moja inaitwa Bonneville Close. Triumph ya sasa, iliyofufuliwa na mjenzi wa nyumba John Bloor huko Hinckley, ni kampuni nyingine kabisa iliyochukua jina. Armoury Road kuna maghala na gereji.

Kuna mzaha wa historia ambao wazee wa chai hawaupendi nikiutaja. Pikipiki ya kwanza ya Yamaha, YA-1 ya mwaka 1955, ilinakiliwa kutoka DKW ileile iliyozaa Bantam. Ni watoto wa baba mmoja. Mmoja aliachwa azeeke na injini yake ya mwaka 1948 iliyotiwa viraka. Mwingine alilelewa, na wajukuu zake ndizo zile Yamaha DT alizokuwa akiendesha bwana shamba kwetu nikiwa mtoto. Halafu Honda, mwaka 1976, walitoa CG125 kwa ajili ya nchi ambazo mwenye pikipiki habadilishi oili wala hasafishi cheni. Wahandisi wao waliacha kamshafti ya juu ya silinda waliyojivunia, wakarudi kwenye fimbo za kusukuma valvu, mtindo uleule wa zamani ambao Waingereza walichekwa kwa kuung'ang'ania. Wachina wakainakili. Kila uliponing'inia nyuma ya Sanlg au T-Better ya bodaboda na mfuko wa unga mapajani, injini iliyokubeba ilikuwa ya ukoo huo. Soko hilo la mtu wa kawaida ndilo Small Heath walilokuwa nalo mikononi, na jogoo kwenye tenki.

Majina yenyewe yamekwenda alikokwenda mteja. Royal Enfield waliruhusu Bullet iundwe Madras mwaka 1955. Kiwanda mama cha Uingereza kikafa, na cha India hakikuacha kufanya kazi hata siku za dhiki. Leo kinauza mamia ya maelfu kwa mwaka, nyingine wakiuziwa Waingereza wenyewe. Jina la BSA lilinunuliwa mwaka 2016 na kundi la Mahindra, Gold Star ikafufuliwa mwaka 2021, na baadaye hata jina la Bantam likarudishwa. Norton ilinunuliwa mwaka 2020 kwa pauni milioni 16 na TVS. Ndiyo, TVS hao hao wa pikipiki za HLX zilizopanga foleni stendi zote kuanzia Tanga hadi Kisumu. Wamejenga kiwanda kipya cha Norton Solihull, jirani na mji huu, kwa pesa zilizotokana na kuuza pikipiki ndogo. Nilipomwambia Mzee, alinyamaza kidogo, kisha akauliza TVS hizo ni cc ngapi. Nikamjibu, 100 mpaka 150. Akasema, "Basi wamestahili."

Nina ombi moja kwa msomaji wa nyumbani. BSA, Triumph na Norton zilifika Kenya, Uganda na Tanganyika enzi za ukoloni, na baadhi bado zimeegemea ukuta wa stoo, tairi zimeoza, kuku wanatagia juu. Kama kwenu ipo, usimuuzie muuza vyuma chakavu kwa kilo. Futa vumbi upande wa kushoto wa injini, chini ya silinda, utafute namba iliyogongwa. Tafuta nyingine kwenye fremu, karibu na usukani. Ziandike zote mbili pamoja na kadi ya pikipiki kama haijaliwa na mchwa. Klabu ya Vintage Motor Cycle Club, yenye makao yake Burton upon Trent, inatunza vitabu vya viwanda vingi vya zamani, na mara nyingi wanaweza kukuambia mwaka pikipiki ilipotoka na ilipelekwa kwa nani. Ikiwa ni ndogo ya kijani na jogoo kwenye tenki, ndiyo uitunze zaidi, na usiiguse kwa spana namba 14.